Ngazi Inayoinamisha Watu

Katika vijiji vya mkoa wa Phrae, mwanamume aliyepata kuwa mtawa kamili wa Kibudha, kisha akavua vazi la manjano na kurudi nyumbani kuoa, huitwa Nan mpaka siku maiti yake inapochomwa. Hakuna anayemuuliza alichopata hekaluni, iwe elimu ya dini au ufundi wa kusinzia mgongo ukiwa umenyooka. Nan Kanta alipata vyote viwili, ila hicho cha pili ndicho kilichomkaa.

Baada ya utawa alikuwa msaidizi wa mkuu wa kijiji, na kazi yake kubwa ilikuwa kipaza sauti. Kila alfajiri, kabla jogoo hawajakubaliana nani aanze, sauti ya Nan Kanta ilimwagika kutoka kwenye nguzo karibu na hekalu: mbwa wapelekwe chanjo, madumu ya maji yafunikwe, marehemu fulani atachomwa mchana, na tafadhali aliyechukua sufuria kubwa ya hekalu airudishe bila kuulizwa maswali. Alisema hayo miaka nenda miaka rudi, na kijiji kikajifunza kulala ndani ya sauti ile kama mtoto anavyolala mvua ikinyesha. Siku aliyostaafu, msaidizi mpya akakohoa kwenye kipaza sauti, na kijiji kizima kikaketi kitandani: "Nani huyo? Kuna nini?" Ndiyo mara ya kwanza watu kugundua kwamba Nan Kanta alikuwa anasema.

Basi mtu akikaa maisha yake yote akizungumza bila kusikilizwa, kuna kitu kinamwingia. Kwa Nan Kanta kilichoingia kilikuwa hamu ya kuinamiwa.

Mwaka mpya unapofika, mwezi wa Aprili, jua likiwa limekaa kichwani kama kofia ya chuma, watu wa kule huzunguka nyumba za wakubwa na mabakuli ya maji yenye maua na manukato. Huwamwagia wazee mikononi, huomba msamaha na baraka, huinama viganja vikiwa vimekutana usoni. Kwa mzee Phrom, jirani wa pili, foleni ilifika barabarani. Kwa Nan Kanta alikuja binti yake, akaja mkwe wake, na mwaka mmoja akaja muuza tambi aliyekosea nyumba. Huyo muuza tambi alikutanisha viganja, akainama, akaona sura ngeni, akacheka. Nan Kanta alimbariki hivyo hivyo, tena kwa kirefu.

Lakini kulikuwa na njia. Mama mkwe wake, Ui Saengla (Ui ni bibi, na yeye alikuwa bibi wa kijiji kizima), alikuwa amekula chumvi nyingi kuliko mtu yeyote hadi mtoni. Popote atakapolala yeye, huko ndiko mabakuli yote yatakapoelekea. Na nyumba yake ya zamani ya mtiki ilikuwa imeanza kuegemea upande mmoja kama mlevi anayesikiliza siri. Mke wa Nan Kanta, Fongchan, kila upepo ukivuma alikuwa anaamka kutazama kama nyumba ya mama yake bado imesimama.

"Mama, njoo ukae kwetu," alimwambia mara zisizo na idadi.

"Nyumba yenu ngazi yake ni saruji," Ui Saengla alijibu. "Mimi siyo mfuko wa mbolea, nipandishwe juu ya saruji. Mguu wangu haujawahi kukanyaga ngazi isiyo mbao ila siku ile ya kwenda kupiga kura, na niliowapigia wakashindwa."

Mwaka ule, mbele ya majirani, bibi akajifunga mwenyewe: "Ngazi hiyo ikiwa ya mbao, siku ya mwaka mpya nitapanda. Na nikipanda sishuki. Lakini nikijikwaa hata mara moja, naenda kukaa kwa dada yako, huko Sung Men. Kule nyumba ni ya chini, hawana ngazi wala majivuno."

Fongchan alisikia "sishuki," akafuta machozi. Nan Kanta alisikia "nitapanda," akaenda kumtafuta fundi.

*

Fundi Mun alikuwa mtu mwenye mikono mizuri na mdomo usiofungwa mlango. Alikuja na pimamaji yake, akakagua ile ngazi ya saruji iliyokuwa inapanda nje ya nyumba chini ya paa hadi sebule ya juu, akaisugua kwa kiganja.

"Kazi ndogo hii, kaka Nan. Tunafunika kila kidato kwa ubao mwembamba wa mtiki, tunapiga gundi, tunakaza skrubu, tunaficha vichwa vyake kwa vizibo vya mbao, tunapaka mafuta. Itakuwa kama imezaliwa hivyo."

"Mwembamba?" Nan Kanta alirudia kama ametukanwa. "Mzee Phrom ngazi yake ina ubao mwembamba. Mimi nataka unene. Nina mbao za ghala la mpunga la marehemu baba, unene wa vidole viwili kamili. Mtu akikanyaga, ajue amekanyaga."

Fundi Mun alikuna shingo. "Sawa. Ila ubao mnene unainua kila kidato. Cha kwanza kutoka chini kitakuwa kirefu, maana ardhi haikupanda nacho. Na cha mwisho kitakuwa kifupi, maana sakafu ya juu imebaki pale pale. Labda na sebule tuitandike mbao za unene huo huo."

"Sebule ina marumaru mekundu. Ameyatuma binti yangu. Haiguswi."

"Basi angalau chini tuongeze kidato kidogo cha kuanzia."

Nan Kanta akarudi nyuma hatua mbili. "Halafu hesabu ya vidato iwe shufwa? Mun, unataka mizimu ipande nyumbani kwangu?" Maana kule kila mtu anajua: ngazi ya watu ni witiri, ngazi ya mizimu ni shufwa, na mzimu ukikuta hesabu yake imekaa vizuri haubishi hodi.

"Mimi nasema tu," Fundi Mun alisema. "Kidato cha juu kitakuwa kifupi."

"Nani anaangalia kidato cha juu? Watu wanaanzia chini!"

Fundi Mun alicheka mpaka akashika pimamaji isianguke. Kisha akafanya alivyoambiwa, kwa sababu mwenye nyumba ndiye anayepika chakula cha mchana, na Fongchan alikuwa na mkono wa kupika laabu, ile nyama ya kukatakata yenye viungo vikali.

Randa ilipopita juu ya mbao zile za ghala, vumbi jeusi la miaka likaondoka, na chini yake ukatokea mtiki wa rangi ya asali, wenye mistari, unaonukia ngozi mpya na pilipili manga. Hata mbwa walikuja kunusa. Fundi Mun alizipasua, akazipima kidato kwa kidato, maana saruji haikuwa sawa na kila kidato kilikuwa na tabia yake. Aliviringisha kingo ili zisiume unyayo. Alipiga msasa, akapaka mafuta, akapiga msasa tena. Kusema kweli ngazi ilipokamilika ilikuwa nzuri kiasi cha kumtia mtu aibu ya miguu yake.

Fundi akapanda kuijaribu. Alipanda kwa madaha, kidato baada ya kidato, mguu ukishazoea kimo chake. Alipofika cha mwisho aliinua mguu kama kawaida, unyayo ukatafuta kimo ambacho hakikuwepo, ukatua *puu!* kwenye marumaru, na mwili wote ukaenda mbele. Fundi Mun aliingia sebuleni ameinama, kichwa kikiwa usawa wa kiuno.

"Nilisema," alisema akiwa bado ameinama.

Nan Kanta aliutazama mgongo ule ulioinama. Alikuwa ameona kitu.

*

Siku iliyofuata alikitoa kiti chake cha mkono chumbani, akakiweka sebuleni, kikitazamana na kichwa cha ngazi.

Habari za ngazi mpya zilikuwa zimeenea, na watu wakaja kuiona. Kule mtu akipanda nyumba ya mkubwa wake hukutanisha viganja kabla hajafika juu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na mkono wa kushikia chochote. Wakapanda wakisifu, "Oho, mtiki huu!", viganja vikiwa tayari, wakafika kidato cha mwisho, na *puu!* Wakainama mbele ya Nan Kanta, inamo la kina ambalo hata abati, mkuu wa hekalu, angelipokea kwa kushtuka.

"Haya, haya, inatosha," Nan Kanta alikuwa anasema, mkono umeinuliwa. "Uishi miaka mingi, uwe na afya."

Aliinama mkuu mpya wa kijiji. Aliinama karani wa ushirika ambaye hajawahi kumpisha mtu mlangoni. Aliinama yule msaidizi mpya wa kipaza sauti, na huyo Nan Kanta alimbariki polepole, sentensi baada ya sentensi, maana safari hii hakuna aliyeweza kulala. Alianza kuvaa shati lake jipya la pamba ya buluu, lile la kienyeji liitwalo mo hom, hata asubuhi. Alianza kuketi miguu imeachana kidogo, kama picha ya babu ukutani.

"Wewe unaona raha," Fongchan alimwambia akipita na kapu la mboga. Yeye mwenyewe alikuwa amepanda akajikwaa, akamwinamia mumewe, akamaliza inamo lile kwa kumtupia kitunguu. "Itengenezwe kabla mama hajaja. Akijikwaa tu, ndiyo basi tena, Sung Men."

"Itatengenezwa."

"Lini?"

"Bado kuna siku."

"Siku zipo. Akili ndiyo siioni."

Ndipo akaja mzee Phrom. Alikuwa amekaa nyumbani akijifanya hajasikia habari za ngazi, mpaka wivu ukamtoa. Alipanda akigonga kila ubao kwa kifundo cha kidole ili apate kasoro, hakupata, akakasirika, akafika juu na kukutanisha viganja kwa adabu tu, maana yeye alikuwa mkubwa kwa umri na hakupaswa kuanza. *Puu!* Mzee Phrom aliinama mpaka paji la uso likakaribia magoti ya Nan Kanta.

Nan Kanta alihisi utamu ule ukipanda kutoka kisigino hadi utosini. Utamu ukafika utosini, ukamkuta Fongchan amesimama mlangoni na mwiko.

"Baba weee," alisema taratibu baada ya mzee Phrom kushuka akiguna. "Phrom ni kaka yako kwa umri."

"Ni hivyo."

"Na amekuinamia."

Nan Kanta aliacha kutabasamu. Kule mtoto mdogo kabisa analijua hili: mkubwa akimwinamia mdogo, umri wa mdogo unakatwa. Ndiyo maana bibi akiokota kitu mbele ya mjukuu, mjukuu hulala chini mbio mbio.

"Alijikwaa," alisema. "Kujikwaa si kuinama."

"Viganja vilikuwa vimekutana, mgongo umeinama, na wewe umembariki. Nimesikia kwa masikio yangu: uishi miaka mingi. Sijui hiyo miaka ameichukua kwa nani." Fongchan alimtazama kama anayepima nyama sokoni. "Na Phrom kakuzidi kidogo tu. Sasa fikiria mama. Mama amekuzidi maisha mazima. Akikuinamia yule, baba, usimalize hata chai yako."

*

Nan Kanta alikimbilia kwa Fundi Mun. Fundi Mun alikuwa amelala chini ya feni na chupa ya pombe ya mchele kando yake.

"Siku hizi za mwaka mpya fundi hashiki patasi, kaka Nan. Unajua mwenyewe. Ukipiga nyundo sasa, utapiga mwaka mzima."

"Toa ubao mmoja tu! Ule wa juu!"

"Ukiutoa wa juu, kile cha chini yake ndicho kitakuwa cha ajabu. Utakuwa umehamisha kilema, hujakitibu." Akageuka upande wa pili. "Nilisema."

Nan Kanta akajaribu mwenyewe. Gundi ya Fundi Mun ilikuwa gundi kweli, na mtiki wa baba yake ulikuwa mtiki kweli. Bisibisi ilipinda, ikateleza mguuni. Kilichong'oka ni ukucha wa kidole gumba cha mguu. Akatandika mkeka juu ya marumaru ili sakafu ipande kidogo. Mkeka ukateleza, paka akashuka ngazi yote bila kupenda. Akatandika mablanketi mawili. Sebule ikaonekana kama kambi ya mafuriko. Mwishowe alibaki amekaa kwenye kidato cha juu, akipapasa ule ubao alioutaka mnene.

Haukuwa umri wake peke yake uliomsumbua, ingawa umri nao ulikuwepo, tena mbele. Lakini alimwona Fongchan kule chini ameanika juani godoro la mama yake, amelipiga vumbi, amelinusa, amelipiga tena. Akajua kwamba kama bibi atakwenda Sung Men kwa sababu ya unene wa vidole viwili, mke wake hatamgombeza. Atanyamaza. Na Nan Kanta, ambaye kijiji kizima kilimpuuza miaka yote hiyo, hakuwahi kupuuzwa na huyu mmoja.

*

Ui Saengla alikuja asubuhi ya mwaka mpya, sketi ya kufumwa, ua la manjano kwenye fundo la nywele, na nyuma yake nusu ya kijiji na mabakuli, kwa sababu mabakuli yalimfuata yeye, si nyumba. Alisimama mbele ya kidato cha kwanza, akakitazama, akainua goti, akalishusha.

"Mkwe! Umejenga ngazi ya tembo?"

"Shika mkono wa Fongchan, mama," sauti ya Nan Kanta ilitoka juu, nyembamba.

Alipandishwa. Mguu wake mtupu ulipokaa kwenye mtiki, bibi alisimama hapo hapo. Akausugua ubao kwa unyayo, mbele na nyuma, kama mtu anayesalimiana.

"Ya joto," alisema. "Mbao za ghala la mzee wako hizi. Nilikosa kuolewa naye kwa sababu ya ghala hilo, lilikuwa tupu." Watu wakacheka. Akaendelea kupanda kidato kwa kidato, na Fongchan nyuma yake, mikono tayari kumdaka.

Alipobakisha kidato kimoja aliinua macho, akasita. Mkwe wake alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, kichwa kwenye ukingo wa ngazi, mikono imenyooka mbele.

"Kuna nini hapa? Nani kafa?"

"Bado, mama," Nan Kanta alisema, mdomo ukigusa marumaru. "Usipande. Kidato hicho ni kifupi. Kila mtu anajikwaa. Ukijikwaa nataka niwe chini yako."

"Kwa nini ni kifupi?"

 Nan Kanta alikuwa ametangaza vifo, mafuriko na mbwa wenye kichaa; hakuwahi kutangaza jambo gumu kama hili.

"Nilitaka mbao nene kumshinda Phrom. Mun alinionya. Kisha nikaona watu wananiinamia, nikapenda, nikaacha."

Kutoka chini sauti ya mzee Phrom ikapanda: "Kumbe nilijikwaa! Rudisha inamo langu!"

Kicheko kilichofuata kiliwaamsha hata waliokuwa wamelala na pombe zao. Ui Saengla alicheka mpaka ikabidi akae, akakaa pale pale, kwenye kidato cha pili kutoka juu.

"Mama, umejikwaa?" Fongchan aliuliza.

"Nimejikwaa wapi? Nimekaa. Mtu anayekaa hajikwai." Akajinyoosha. "Na pana upepo hapa. Leteni hayo maji."

Basi mwaka ule baraka zilitolewa ngazini. Watu walipanda mmoja mmoja na mabakuli yao, wakafika kwenye magoti ya bibi, wakammwagia mikono, wakainama kwa hiari yao, wakashuka. Maji yenye maua yalitiririka kidato baada ya kidato na mtiki ukanukia zaidi. Hakuna aliyefika juu. Kiti cha mkono kilibaki kinatazama migongo ya watu, na mwenye kiti alibaki amelala kifudifudi, kwani kila alipotaka kuinuka bibi alisema, "Kaa hivyo hivyo, mkwe, umekaa vizuri."

Mabakuli yalipokwisha, Ui Saengla alikigeuzia kidato cha mwisho mgongo, akaweka viganja nyuma yake, akajisogeza juu kwa makalio kama mtoto mdogo, *hop*, akaingia nyumba ya mkwe wake kinyumenyume, bila kumwinamia mtu yeyote.

"Nimepanda," alitangaza. "Na nilishasema, nikipanda sishuki. Ila sitajisogeza kwa makalio mpaka kufa. Mkabomoe sakafu ya nyumba yangu. Mbao zake ni nene vile vile, tandikeni humu juu."

Fongchan aliufunika uso kwa bakuli tupu. Mtu hatoi sakafu ya nyumba anayokusudia kuirudia.

"Marumaru ya binti yetu," Nan Kanta alijaribu kutoka sakafuni.

"Yatakuwa chini ya mbao zangu, yapumzike. Na kule mwanzoni wekeni lile jiwe langu bapa la kuoshea miguu, ngazi ipungue utembo."

"Lakini mama, hesabu! Itakuwa shufwa!"

"Jiwe la kuoshea miguu si kidato," Ui Saengla alisema. "Umewahi kuona mzimu unaosha miguu?"

Hakuna aliyewahi kuona. Neno likaisha.

*

Siku za nyundo ziliporudi, Fundi Mun alibomoa, akatandika, akasema "nilisema" kila alipokaza skrubu. Jiwe likakaa chini, mbao za bibi zikakaa juu, na vidato vyote vikawa na kimo kimoja. Watu walipanda bila tatizo, wakaingia wima, wakasema habari za hapa, wakakaa.

Mmoja tu ndiye aliyebaki na shida. Kwa kupanda na kushuka wiki zile zote akisubiri wageni, mguu wa Nan Kanta ulikuwa umekizoea kidato kifupi, na haukutaka kujifunza upya. Kila jioni akitoka kunywesha miche yake ya pilipili, alipanda, akafika cha mwisho, hakuinua unyayo vya kutosha, kidole gumba kile kile kisicho na ukucha kikagonga ukingo, na akaingia sebuleni ameinama mpaka chini, mikono mbele.

Na kwenye kiti cha mkono, kilichokuwa bado kinatazamana na kichwa cha ngazi, Ui Saengla aliinua kiganja.

"Haya, haya, inatosha," alisema. "Uishi miaka mingi, uwe na afya."